Filamu ya Pili ya Nestor

Kaka yangu Nestor hajawahi kuwa na haraka na kitu. Alifunga matairi hapa mjini Pomona maisha yake yote, na mtaa mzima ulimsamehe uvivu wake kwa sababu ya filamu moja. Yeye na rafiki yake Efren waliitengeneza kwa kamera ya kuazima: wavuta bangi wawili wametoka kununua burito, ile mikate ya kukunja yenye nyama na maharage, wamesahau walichofuata, na polisi wanawakimbiza siku nzima. Nestor anaanza kusema neno, anakodoa macho, anamuuliza mwenzake, "Nilikuwa nasemaje vile?" Kwenye sinema ya magari, ile ya uwanjani unayotazama ukiwa garini mwako, hatupigi makofi, tunapiga honi. Siku ilipoonyeshwa zilipigwa mpaka masikio yakaniuma.

Miaka ikaenda, bangi ikaruhusiwa, ikauzwa dukani kama sabuni. Nestor naye akaanza kusahau kweli. Akasahau jiko likiwaka, akasahau njia ya nyumbani. Daktari akasema ni ubongo, na hautapona.

Ndipo Efren akaja na habari za filamu ya pili. Nikamwakia.

"Unataka watu wamcheke mgonjwa?"

"Dada Graciela, nataka azisikie zile honi akiwa bado anajua ni zake. Mwakani tutakuwa tumechelewa."

Nilimchukia, maana alisema kweli.

Filamu yenyewe hovyo, nisiwadanganye. Ya kwanza ilikuwa mbio tupu. Hii ni wazee wawili kwenye foleni ya duka, wanabishana miwani iko wapi. Polisi amfukuze nani sasa? Jumamosi ilipoonyeshwa, magari yalikuwa kimya. Kisha Nestor wa kwenye filamu akaanza kusema, akakodoa macho. Pale hakuigiza, nilikuwepo wakirekodi. "Nilikuwa nasemaje vile?"

Honi zikalipuka uwanja mzima. Efren, kwenye usukani wa pikapu yake, akalia waziwazi.

Nestor, tuliyembana katikati, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mzee balaa," akasema. "Ni nani?"

"Jamaa mmoja wa hapahapa," Efren akamjibu taratibu. "Ipi kali, mwanangu, hii au ya kwanza?"

"Kwani kuna ya kwanza?" Nestor akamgeukia. "Na wewe piga honi, bwana. Mzee wa watu kajitahidi."

Efren alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Basi nikanyoosha mkono wangu hadi kwenye usukani, nikaipiga mimi.