Reli ya Bububu Juu ya Mlango wa Matrah

Kitendawili! Nawe sema tega. Nyumba nnayo, baraza ipo, mlango uko wazi, na hata paka haingii. Usiwe na haraka, jibu lako lishike kwanza.

Saa kumi alasiri, Marhoon bin Ishaq yuko chini ya mlango. Si mlango wa kupitia. Ni mlango mkuukuu alioulaza juu ya masanduku katika chumba chao cha kupanga hapa Matrah, Omani, naye anakaza msumari kwa chini. Juu yake ipo Unguja: Ngome, Malindi, minazi ya makumbi, na reli ya vipande vya makopo ya samli.

Asubuhi huwa kambini kwenye kampuni ya mafuta, akitengeneza viti na madirisha. Mshahara unatosha kodi na mchele; samaki ni bahati. Wenziwe humwita fundi, ila mwaka huu wa 1969 wamempa jina jipya: Stesheni Masta.

"Yakhe, mjukuu huna," humtania Sleyum, mpaka rangi wa kambini. "Treni unamchezea nani?"

"Mtu mzima mwenzako. Ukimaliza kucheka nishikie msumeno."

Mambo yalianzia klabuni kambini. Wazungu huletewa vipindi vya zamani vya televisheni ya kwao, vimo katika mikanda, vikamulikwa ukutani. Alhamisi moja Marhoon alikuwa amekwenda kutengeneza mabenchi, akakaa nyuma kutazama. Katika kipindi kile bwana mmoja mnene kajaza chumba kizima reli za kuchezea: milima ya chokaa, vichaka vya sponji, vinyumba vyenye taa. Bwana akatambaa chini ya meza, akatokeza kichwa katikati ya mji kama jitu, treni ikaja ikampiga pua. Watu wakavunjika mbavu.

"Miye sikucheka," anasema Marhoon. "Nilikuwa nnatazama vinyumba. Nikasema, kumbe mtu anaweza kuuweka mji wake chumbani."

Mkewe, Bi Rahila, yuko mkekani anachambua mchele. Mji ule ni wake kuliko wa mumewe. Mama yake, Bi Hind, alikuwa na nyumba Bububu, na Rahila alipokuwa mdogo treni ilikuwa ikifika huko, kabla reli haijang'olewa. Walipoondoka Unguja mwaka 1964, Bi Hind alikataa kupanda meli. "Mna wazimu? Kuku wangu nimwachie nani?" Miaka miwili baadaye akaja msafiri na habari kwamba bibi amefariki.

Bi Rahila hakulia. Hakukaa matanga, wala hakukubali khitma isomwe.

"Yule naye kasikia kwa watu," alisema. "Mtu hasomewi khitma kwa tetesi."

Majirani waliokuja kumpa pole aliwaambia wamekosea nyumba. Tangu hapo Bi Hind hatajwi.

Marhoon anataka jambo moja tu: mama mkwe wake asomewe, na mkewe alie kama watu wanavyolia. Hakujua pa kuanzia, mpaka reli yake ilipofika Bububu. Ndipo akauliza, "Nyumba ya mamaako niiweke wapi?"

Kila jioni anauliza. Kila jioni mchele unachambuliwa. Nyumba yenyewe ishachongwa, ya ubao wa sanduku la chai, imekaa dirishani inangoja kiwanja.

Leo treni inakwenda kwa mara ya kwanza, kwa mtambo wa saa ya mezani iliyokufa. Inatoka Ngome, inapita Malindi, inafika Bububu, inapinda.

"Inakwenda wapi hiyo?" Bi Rahila kanyanyua uso.

"Inarudi mjini. Inazunguka, kama ile ya klabuni."

"Na huyo Mzungu wa pua alipanda treni ya Bububu lini?" Ungo umewekwa chini. "Yetu haikuzunguka, bwana. Ilifika kwetu, reli ikaisha. Wa kushuka wakashuka. Kisha ikarudi njia ile ile iliyojia."

Marhoon habishi. Anachukua koleo, anaing'oa nusu ya reli, kazi ya miezi, anaibwaga sakafuni. Sasa njia inakoma Bububu.

Mwalimu wa msikitini ameshaambiwa habari ya khitma. "Nimemwomba asiweke siku," Marhoon ananong'ona, mkewe asisikie. "Siku ataitaja mwenyewe Rahila. Inshallah."

Anaitoa nyumba dirishani, anaifuta vumbi kwa kanzu yake. Mlango wake mdogo uko wazi, kama Bi Hind alivyokuwa akiuacha mchana kutwa.

"Nyumba ya mamaako niiweke wapi?"

Bi Rahila anainuka. Anaifuata reli kwa kidole tangu Ngome, taratibu, mpaka inapokatika.

"Hapa. Ukishuka, mkono wa kulia. Baraza iangalie reli, alikuwa akitungoja pale."

Marhoon anapaka gundi, anaikalisha nyumba. Mkewe bado kaishika kwa vidole viwili, na machozi yanamshuka bila ya kuyafuta.

"Na mlango ufunge," anasema. "Mwenyewe hayumo."