Matobolwa ya Kufikia Dar

Juzi, sokoni hapa Dar, mama mmoja alifungua mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kwetu Tabora vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vikauke. Ile harufu ikanirudisha kwenye behewa la treni, mapajani mwa bibi.

Tulikuwa tunamfuata mama yangu. Alitangulia Dar kutafuta maisha, na mimi nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake.

"Bibi, Dar ni mbali kiasi gani?"

Akapigapiga kapu lake. "Matobolwa haya yakiisha, tumefika."

Basi! Nikatafuna mpaka taya zikauma. Hata Kigwa, stesheni ya jirani tu na Tabora, hatujafika, nikaanza kuwagawia abiria. "Kula mjomba! Kula shangazi, tuwahi!"

"Huyu mtoto ana mkono wazi!" wakanisifu. Lakini kwetu ukipewa chakula, nawe unatoa chako. Huyu akaweka karanga kapuni, yule muhogo, mwingine vipande vya muwa, mpaka likajaa kuliko mwanzo. Nikaangua kilio.

"Bibi, wanaturudisha Tabora!"

Behewa zima likacheka. Bibi akajifuta machozi ya kicheko kwa khanga, akanikumbatia. "Tulia, mjukuu wangu. Tutafika na kapu letu limejaa."

Stesheni ya Dar alisimama mwanamke amefungua mikono, na kabla sijauliza, nikaijua sura.

Wale wajomba na mashangazi sijui walielekea wapi. Ila mpaka leo, nikishika matobolwa, natafuta kwanza mtu wa kumkaribisha.