Sare ya Mke Mdogo

Abosede Akinlabi alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na usaidizi huo ulikuwa umemchosha mpaka kwenye mifupa. Ratiba apange yeye, wazazi wenye hasira awapokee yeye, choo kikiziba aitwe yeye. Halafu wageni wa bodi ya shule wakija, chai wanakunywa na mkuu wake, Mama Ladepo, mama mtu mzima mpole ambaye hata kupaza sauti hajui. Sasa Mama Ladepo anastaafu, kiti kinabaki wazi, na Abosede alikitaka kile kiti hadi usingizi ukamkimbia. Akikikosa ataletwa mtu wa nje, kijana pengine, naye ataendelea kuhangaika na vyoo mpaka azeeke.

Mji mzima wa Ibadan ulimuuliza swali moja tu: una mtu? Cheti alikuwa nacho, kazi alikuwa anaijua, ila mtu wa kumshika mkono hakuwa naye. Baba yake alishona magodoro maisha yake yote. Mama Ladepo, Abosede hakumhesabu kabisa. Mwanamke aliyezeekea kwenye shule ya paa linalovuja, angemjua nani yule?

Mwenye kauli ya mwisho alikuwa Chifu Olagoke, mwenyekiti wa bodi, na Chifu alikuwa anamzika mama yake. Bibi alikufa amekula chumvi nyingi, kwa hiyo hayo hayakuwa maziko ya kulia. Yalikuwa ya ng'ombe, bendi na sare. Na sare si nguo tu. Ukivaa kitambaa cha watu umesema hadharani kwamba wewe ni wao, nao watakukumbuka siku ya shida yako.

Aliyemletea kitambaa alikuwa msusi wake, Risikat, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko vitana. Kilikuwa cha kijani, kimetoka kwa Mama Kitan, mke mdogo wa Chifu. Abosede alipositasita, maana mke mkubwa naye alikuwa na kitambaa chake, Risikat alimshangaa.

"Shoga, Chifu anakula kwa nani? Kwa mke mdogo. Analala kwa nani? Sasa unauliza nini?"

Bei yake ilikuwa ya kuumiza. Abosede alinunua, akashona, akakaza roho.

Siku chache kabla ya maziko, Mama Ladepo alimuuliza ofisini kama atakwenda, na kama ameshapata sare. Abosede akajibu harakaharaka kwamba ameshapata, maana alidhani mama wa watu anatafuta mtu wa kuchangia naye teksi. Mama Ladepo akafurahi, akasema vizuri, basi watakaa pamoja. Rangi hakuitaja, wala mwenzake hakuuliza. Ah, mtu na akili zake, hata hilo tu!

Siku ikafika. Abosede aliingia ukumbini na kilemba chake cha kijani kimesimama vizuri, na hapo mlangoni akasimama. Ukumbi ulikuwa umegawanyika. Kushoto kijani, meza chache, wengi wao wasichana wa rika la Mama Kitan. Kulia zambarau tupu, akina mama wazito, na wajumbe wote wa bodi na wake zao. Katikati ya zambarau alikaa Mama Dolapo, mke mkubwa. Na ubavuni mwake, wakicheka kwa mwanya uleule wa meno, alikuwa Mama Ladepo.

Abosede alijikuta amekaa kwenye meza ya kijani nyuma ya nguzo. Akamuuliza jirani yake, yule mama pale ni nani wa Mama Dolapo. Jirani akamtazama kama mtu aliyetoka porini. Ni mdogo wake, tumbo moja. Akaongeza huku anafungua jani la moinmoin, kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke, kwamba Chifu hana lake: jina lolote la bodi halipiti mpaka Mama Dolapo aulizwe.

Kule ng'ambo Mama Ladepo alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kiti kitupu, na kila dakika anautazama mlango.

Laiti angebaki nyuma ya nguzo! Ale ugali wake wa amala, ashibe, aende zake nyumbani, Jumatatu aombe radhi. Lakini tamaa na woga vikikutana ndani ya mtu mmoja, akili inaondoka. Nje ya ukumbi palikuwa na mwanamke anayefunga vilemba kwa malipo, na kwake kilikuwa kimebaki kimoja cha zambarau. Abosede akavua cha kijani, akakisokomeza mkobani, akafungwa kile kingine. Kilemba kinaonekana kutoka mbali, alijiambia. Akishakaa, gauni litafichwa na meza.

Akaingia akiambaa ukuta. Alikuwa amekikaribia kabisa kile kiti, mpiga ngoma alipomwona. Kilemba kirefu, mgeni mpya, atamtuza noti, riziki hiyo! Akamrukia na ngoma yake chini ya kwapa, akaanza kumsifia ukoo wake asioujua, na ukumbi mzima ukageuka. Chifu mwenyewe, aliyekuwa anacheza katikati, akageuka pia. Abosede akapiga magoti kumwamkia. Gauni la kijani likatandazika sakafuni, watu wote wakaliona.

Chifu alikuwa anatabasamu, hakuwa na ubaya wowote.

"Karibu, mama. Wewe ni mgeni wa nani?"

Ngoma ikanyamaza. Mama Kitan akaangalia kilemba.

"Kwangu simjui huyu."

Mama Dolapo akaangalia gauni, taratibu, kutoka kifuani hadi kwenye pindo.

"Na kwangu simjui."

Mtu alicheka, kisha wengi. Abosede alitamani ardhi ipasuke. Hapo Mama Ladepo akainuka, akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kile kiti.

"Ni wangu, Chifu. Ni mwalimu wangu."

Akamshika kiwiko, akamwinua, akatoka naye nje mpaka karibu na jenereta.

"Nisamehe mama," Abosede alisema, machozi yakimtoka. "Sikujua kama ni dada yako."

"Ungejua ungefanyaje?"

Mama Ladepo akashusha pumzi. Alisema jina la Abosede alishalipeleka tangu msimu wa mvua, na lilikuwa limekubaliwa. Dada yake alitaka kitu kimoja tu, amwone kwa macho huyo mtu anayesifiwa nyumbani kwao kila siku.

"Na sasa, mama?"

Mama Ladepo akakinyanyua kile kilemba kilichokuwa kimelala upande, akakiweka sawa kichwani mwa Abosede kama mtu anavyomtengeneza mwanawe kabla ya kwenda kanisani.

"Sasa amekuona."

Akarudi ndani kukaa na dada yake.