Korongo Waliopita Juu ya Kilima

Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa kumi, miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi Ngara kuliko sisi wenyeji. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni kashika chungu kitupu.

"Mama, leo tupike zile mbegu."

Mbegu zenyewe ni maharage ya kibuyu kimoja, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Hayo tu ndiyo yaliyobaki. Msimu uliotangulia mvua ya kwanza ilitudanganya. Tulipanda, yakaota, jua likayachoma yote. Sasa tulikula mihogo asubuhi na mihogo jioni, na wajukuu zangu, watoto ambao kijiji kizima hakina mfano wao, walikuwa wanakaa uani bila kelele. Mtoto akikaa kimya namna ile, ujue ni njaa.

Nikamwambia, "Nipe Jumamosi na Jumapili. Korongo wakilala kilimani, Jumatatu tunapanda. Wasipolala, pika."

"Na wakichelewa?"

"Nimesema pika."

Mimi nilizaliwa Nyamigogo, nikaolewa huku Ntobeye. Shule nilionja tu. Mambo ya korongo alinifundisha mama mkwe: ndege wakubwa weusi, tumbo jeupe, wanatoka kaskazini kwa makundi mvua ikikaribia. Wakilala usiku mmoja kwenye miti ya kilima chetu, asubuhi yake unatia mbegu ardhini. Hapa kwetu ndivyo tulivyopanda siku zote. Mwaka ule wa mvua ya uongo mimi sikuwangoja.

Nilipanda kilima pamoja na mama mmoja mkimbizi, rika langu, aliyevuka mto na kuishi kambini. Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu, hatukuhitaji mkalimani. Juu nikakaa kwenye kisiki. Visiki ndivyo vilivyokuwa vingi. Miti ilikwishakwenda jikoni, kwao na kwetu. Na sisi tulikata, nani asiyepika? Ulibaki mvumu mmoja tu, umekatwa matawi yote.

"Ndege atalala wapi hapa?" mwenzangu aliuliza. "Kichwani kwako?"

"Nyamaza, mukecuru."

"Mukecuru wewe. Mimi si mzee, ni njia tu ilinichosha."

Jumamosi nzima tulikodolea mbingu macho mpaka shingo zikauma. Mbayuwayu walipita, wadogo, hawana habari na mtu. Alasiri nikaona weupe unametameta kwenye mteremko wa ng'ambo, unainuka, unashuka. Nikaruka kama msichana.

"Wametua! Tazama matumbo yao!"

Mwenzangu alikinga jua kwa kiganja, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Hao wamefungwa kamba, dada. Hayo ni mashitingi, maturubai yetu ya kambini, yameanikwa."

Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu.

Jumapili sikwenda misa. Tulirudi pale pale. Jua lilipoanza kuinama wakaja, korongo wenyewe, wengi, juu sana. Walizunguka kilima. Wakashuka kidogo, wakazunguka tena, wakitafuta pa kukanyaga. Nilisimama nimeshika mdomo. Kisha mmoja akanyoosha shingo kusini, wote wakamfuata, mbingu ikabaki tupu.

"Hawakulala," nikasema.

"Wangelala wapi? Wamepita, na mvua iko nyuma yao. Au ulitaka wabishe hodi?"

Nikashika njia ya nyumbani. Kushuka kilima ni kubaya kuliko kupanda.

Nyumbani moto ulikuwa unawaka na maji yanachemka. Mke wa mwanangu alikwishamwaga mbegu kwenye ungo, anapepeta majivu. Watoto wameuzunguka moto kama wazee.

"Shikamoo, mama. Wamelala?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angekwenda kuangalia?

"Marahaba. Wamepita tu. Hakuna mti."

"Kwa hiyo tunapika."

"Nilisema hivyo."

Nikauchukua ungo mikononi mwake. Nikatia konzi mbili chunguni, za watoto. Nyingine nikazirudisha kwenye kibuyu.

"Kesho mapema, jembe."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema wakilala!"

"Ningekuwa korongo, na mimi nisingelala pale."

Aligeukia chungu. Alitia chumvi kwa hasira, ikazidi, tukala hivyo hivyo.

Tulipanda Jumatatu. Majirani walikuwa bado wanangoja ndege walale, wakatucheka wakipita. Mvua haikuja siku hiyo wala kesho yake. Kila asubuhi nilikwenda shambani nikafukua punje moja kwa kidole, nikaitazama, nikaifukia. Nilichoka kuiogopa ile punje. Halafu ikanyesha, tena sawasawa.

Tulianza kula majani, maharage yakafuata. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza ndani, nikasikia wajukuu zangu wanagombana uani, wanapigiana kelele kama vichaa. Sikuinuka kuwanyamazisha.