Simu Kwenye Soksi

Mtu akiniambia sataranji hufundisha subira, napandwa na hasira. Subira ipi? Nilikuwa dereva wa nyumbani Riyadh. Subira yangu niliimaliza nikimngoja madam nje ya maduka.

Mashindano yetu yalikuwa Ijumaa, kwenye mkahawa mmoja wa Batha, baina ya madereva, wapishi na walinzi. Mshindi angekwenda Jeddah Ijumaa nyingine kucheza fainali. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, baada ya kubembelezwa hadi nikajichukia, alikuwa amesema: "Ukishinda, nenda. Ukishindwa, mafi Jeddah, hakuna." Jeddah ndiko alikokuwa dadangu, mfanyakazi wa ndani. Tulikuwa nchi moja na hatujaonana tangu tufike.

Sheria moja iliniudhi: simu zizimwe, na itakayosikika, mwenyewe ameshindwa. Sheria ya watu wanaoweza kuzima simu! Dereva wa nyumbani akizima simu, machoni pa kafili ametoroka, na akisharipotiwa hivyo, halas, basi, hata kibali chake cha ukaazi, ikama, hakimsaidii tena. Basi nikazima mlio tu, nikaitia simu kwenye soksi.

Mchezo wa mwisho nilicheza na fundi wa viyoyozi, Msudani mpole. Nilianza kwa kumsogeza askari wa malkia hatua mbili, kama kawaida yangu. Mwanzo huo hauna haraka. Unambana mtu polepole. Baadaye farasi wake wote wawili walikuwa wamekwama pembeni, na mimi nilishaiona njia ya kumfunga mfalme wake.

Simu ikatetemeka. Mguu wangu ulikuwa umeegemea mguu wa meza, na meza yenyewe ya bati. Mkahawa mzima ulisikia, kete zikachezacheza ubaoni.

"Pole, ndugu yangu. Sheria ni sheria," mwamuzi akasema. Msudani alimsihi tuendelee. Akakataa, mpumbavu yule.

Nikapokea, maana alikuwa madam.

"Dereva, ukirudi leta laban."

"Sawa, madam."

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nilimjibu kwa adabu.

Nilinunua hayo maziwa yake, nikayaweka kiti cha pembeni, nikawa naendesha huku nawatukana wote: mwamuzi, kafili, madam, na mimi mwenyewe. Kwenye taa nyekundu ukaingia ujumbe wa dadangu.

"Madam wangu amekubali kunipa ruhusa ile Ijumaa ya fainali yako! Nikuletee mahamri?"