Chupa Iliyoanikwa Juani

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikisomea kemia, nilileta nyumbani Kitengela chupa ndogo ya kimiminika cha manjano, niliyoifunga kwa foili isipate mwanga. Ilikuwa kazi yangu ya muhula mzima, na Jumatatu mwalimu angeikagua. Jumamosi Mama, ambaye huanika kila chombo, akaitoa foili na kuiweka chupa uchagani, juani. Umanjano wake ukageuka rangi ya chungwa.

"Mama, umefungua boma!" nikalia.

Nikamweleza polepole. Kila molekuli mle ni kama boma dogo lililofungia ng'ombe mmoja, yaani molekuli nyingine. Mwangaza ukilipiga, boma hujipinda, lango likafunguka, ng'ombe akatoka.

"Na likiwekwa gizani?"

"Hujikunjua, naye akarudi ndani. Lakini sijui kama siku mbili zitatosha."

"Miaka yote hiyo chuoni, na hujui kuandika 'usiguse'!"

Akaifungia chupa ndani ya kabati la sukari, ufunguo akautia kifuani. Jumapili tulikunywa chai bila sukari, hata mgeni wetu wa kanisa. Jumatatu alfajiri Mama alifungua kabati mwenyewe. Chupa ilikuwa ya manjano kabisa.