Siku Niliyowaingiza Maharusi Kwenye Foleni ya Pamba

Nichekeni mapema tuimalize, maana kila nikikaa na watu hapa Bariadi lazima atokee mmoja wa kuniuliza kama pamba yangu ilishapimwa, basi wote wanacheka, na mimi nacheka nao. Nimeona bora nisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wanaotia chumvi (wapo wanaosema bwana harusi alipandishwa kwenye mizani, jambo ambalo si kweli, aliegemea tu nguzo yake).

Mimi ni mpambaji wa kumbi, naitwa Maduhu. Nipe ukumbi wowote, hata darasa lenye madirisha yaliyovunjika, nitafunga vitambaa darini, nitapanga taa na maua, na bibi harusi akiingia atasahau kwamba Jumatatu watoto wanasomea humo. Hiyo kazi naijua. Shida ni kwamba siku hizi kujua kazi moja kumeanza kuonekana kama uvivu. Wamekuja wapambaji wapya mjini ambao ukiwapigia simu ya mapambo wanakuuliza, na keki je, na MC je, na chakula, na magari, na picha za kupiga kutoka angani, yaani wewe njoo na mchumba tu. Wateja wakaanza kuhamia huko. Mzee Salumu, jirani yangu wa duka, anakodisha maturubai na viti na hajawahi kukodisha kitu kingine chochote, na ukimuuliza habari ya vyombo anakuelekeza kwa mwenye vyombo. Alikuwa akiniambia nitulie na vitambaa vyangu, lakini mimi nilimwona mtu wa zamani.

Ndipo akaja Mama Kabula. Huyu ni mjane, mkulima wa pamba wa Lalago, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza na alitaka nimpambie ukumbi wa kule kijijini. Tukaelewana rangi, krimu na zambarau, na alipokuwa anainuka aondoke akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba magari yote ya siku hiyo yatatoka kwa wakwe, watu wa Mwanza wenye uwezo, na upande wake hautakuwa na hata baiskeli. Mtu mwenye akili angesema pole mayu, yaani pole mama. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema hata usafiri tunafanya (tunafanya na nani sijui, ofisi nzima ni mimi na cherehani).

Akauliza usafiri gani. Nikamuuliza ana nini nyumbani, akasema ana ng'ombe wawili wa kulima na mkokoteni, vyote aliachiwa na marehemu mumewe. Nikamwambia imekwisha hiyo, maharusi watatoka kanisani hadi ukumbini juu ya mkokoteni, nitaupamba mpaka watu wa Mwanza wayaone magari yao yamechoka. Akageukia pembeni, nikadhani nimemuudhi, kumbe alikuwa anafuta machozi. Akanieleza kwamba tangu mumewe afariki, Kabula ndiye aliyekuwa anatangulia mbele ya wale ng'ombe ameshika kamba ya kuwaongoza, shambani na barabarani, amekulia kwenye ile kamba, na shuleni alikuwa anafika amechelewa na matope miguuni.

"Akikaa juu, wakambeba yeye, mimi sitaki kingine," akasema. "Siku hiyo mwanangu asishike kamba."

Nikamwahidi hapohapo. Niliona ni kitu chepesi.

Sasa niseme jambo ambalo Msukuma huwa halisemi mbele za watu: mimi ng'ombe siwajui. Nimezaliwa Nyalikungu, baba yangu mwalimu, nyumbani tulifuga kuku na kuku wenyewe walikufa. Lakini sikuona tatizo, kwa sababu mwenye kuwajua alikuwepo, Jilala, mdogo wa yule marehemu, ambaye kwa Kabula ni baba mdogo. Tulipatana atatangulia mbele ameshika kamba, na mimi nitatembea ubavuni na fimbo ambayo niliizungushia utepe wa satini, kwa ajili ya kupendeza tu.

Jumamosi ya harusi ikafika, msimu wa pamba umechanganya, na mkokoteni ulitoka vizuri mpaka nikaupiga picha mwenyewe kabla ya mpiga picha. Maua kila upande, pembe za ng'ombe zimefungwa riboni, hata nira niliivisha kitambaa. Maharusi wakatoka kanisani, wakapanda, Kabula akaketi na gauni lake jeupe akiwa anatabasamu, na mumewe Deo akaketi kando yake ameshika ukingo wa mkokoteni kwa mikono miwili. Ndipo akaja Jilala kushika kamba. Juu amevaa suti, nzuri tu, na chini mabuti ya mpira ya shambani, yenye matope ya tangu kupanda. Nikamwomba abadilishe, akasema hana mengine, na hata angekuwa nayo, ng'ombe akishakukanyaga umevaa kiatu cha ngozi utakitafuta kidole chako. Nikauangalia mkokoteni, nikayaangalia mabuti, nikamwangalia mpiga picha anayerudi kinyumenyume na kamera yake, na roho ya mpambaji ikakataa kabisa. Nikamwambia kwa heshima zote, baba mdogo, wewe tangulia ukumbini upumzike, barabara yenyewe ni moja, mimi nitawaleta.

Jilala akanitazama kidogo. "Unawajua hawa?" akauliza.

"Ng'ombe ni ng'ombe, baba."

Akanikabidhi kamba, akapanda bodaboda akaenda zake. Mimi kamba nikaifunga kwenye nira na kuifukia chini ya maua, isije ikaharibu picha.

Tukaondoka vizuri. Nyuma yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma ya pikapu magari ya wakwe, pembeni watu wanapiga vigelegele, na mimi natembea na fimbo yangu ya utepe nikiwaza kwamba hii huduma nitaiweka kwenye bango, na pengine nitafute na wa kupika keki. Barabara ilikuwa moja kweli. Ila katikati ya barabara hiyo kuna ghala la chama cha ushirika, na wale ng'ombe, tangu wamefungwa mkokoteni, wakipita njia ile safari yao huishia pale kwenye mizani. Akiwepo mtu mbele na kamba wanamfuata yeye, asipokuwepo wanafuata wanachokijua. Walipofika getini wakakata kona. Hawakukurupuka, walikata kona taratibu kama watumishi wanaoingia kazini. Nikawaambia simameni kwa Kiswahili, nikawaambia kwa Kisukuma, nikawagonga kwa fimbo, utepe ukafunguka na kuburuzika chini, na wao wakaingia.

Pikapu ya matarumbeta nayo ikaingia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa, na magari ya wakwe yakaifuata pikapu. Uwanjani kulikuwa na foleni ya mikokoteni ya wakulima waliojaza pamba, na ng'ombe wetu wakaenda moja kwa moja wakajipanga wa mwisho. Foleni iliposogea, wakasogea. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kwamba hawakukosea kitu. Karani wa mizani akatoka, akayatazama maua, akamtazama bibi harusi, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake akatusalimu kwanza, mwadila, tukaitikia mwadila sote, hata Deo ambaye kwao si Wasukuma. Halafu akauliza kama kuna mzigo nyuma.

Nikaanza kueleza na hakuna aliyesikiliza. Watu walikuwa wanacheka juu ya mafurushi ya pamba, simu zimetoka, mzee mmoja anauliza anayeswaga ni nani, wakamwonyesha mimi, akauliza ni mtoto wa nani, na mtu mmoja akamtaja baba yangu, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa na kosa lolote. Wanaume wawili wakaja kusaidia, lakini matarumbeta yalikuwa bado yanalia (nilisahau kuwaambia wanyamaze), na yule ng'ombe mkubwa, anaitwa Meneja, akaanza kuwatikisia zile pembe zangu za riboni, wakarudi walikotoka. Deo akashuka kishujaa. Meneja akamgeukia, Deo akaegemea nguzo ya mizani kwa muda, kisha akapanda tena. Nikampigia Jilala simu, ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika (aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaiona).

Kabula alikuwa bado juu ya mkokoteni. Akainama upande wangu akauliza kamba iko wapi. Nikamwambia atulie, tunalimaliza. Akasema mama yake yuko mlangoni mwa ukumbi anamsubiri, na jua linakwenda. Nikamwambia ndiyo maana sitaki aishike hiyo kamba, nilimwahidi mama yake.

"Najua ulimwahidi," akasema. "Nipe kamba, kaka."

Nikaifukua chini ya maua. Akashuka, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, kamba kwa mwingine, akawasemesha ng'ombe kwa sauti ya chini, na Meneja akainamisha kichwa. Wakulima wakaacha kucheka, wakasogeza mikokoteni yao kumpa njia, magari yakarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Tulipolipita geti nikamsihi apande. Akajaribu. Alipoiachia tu kamba ng'ombe wakaanza kugeuza shingo kulitafuta ghala, akaishika tena. Basi ikawa hivyo hadi mwisho wa safari, bibi harusi mbele anaongoza ng'ombe na pindo la gauni vumbini, bwana harusi juu peke yake ameshika maua ya mke wake, na mimi ubavuni na fimbo isiyo na utepe.

Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni na ndugu zake, na wakwe, na Jilala na soda yake. Vigelegele vikaanza vikakatika. Yule mama akaenda kwa mwanawe, akaitoa kamba mkononi mwake, akampa Jilala, akashika ncha ya khanga yake akamfuta Kabula kiganja, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akanigeukia.

"Maduhu, nilikuomba kitu kimoja."

Ule ukumbi ulikuwa mzuri kuliko kumbi zote nilizowahi kupamba, na sikumbuki mtu aliyeusifia, wala sikutegemea. Kule ghalani niliona aibu ya kuchekwa, ambayo inapita. Pale mlangoni niliona aibu nyingine, na hiyo mpaka leo nikikumbuka kile kiganja naacha ninachofanya.

Picha za video zilizunguka mkoa mzima, na msiniulize kwa nini, wateja wakaanza kupiga simu wakitaka ile ya kupitia ghalani. Nikawakatalia wote. Bango langu sasa limeandikwa mapambo ya ukumbi, basi. Mtu akiniuliza habari ya keki namwonyesha nyumba ya mpika keki, akiuliza maturubai namwita Mzee Salumu, ambaye hajawahi kunikumbusha lolote alilowahi kuniambia, na huwa natamani anikumbushe tuyamalize.

Msimu huu Mama Kabula amekuja tena dukani. Anamwoza mdogo wake Kabula, ukumbi ni uleule. Nilishangaa kumwona, nikamkaribisha kiti, nikatandaza vitambaa, akachagua rangi bila haraka, na mimi sikufungua mdomo juu ya jambo lolote linaloanzia nje ya mlango wa ukumbi. Alipomaliza akakunja khanga yake akasimama.

"Safari hii atakaa juu mpaka afike," akasema. "Jilala ndiye atakayetangulia na kamba. Na atavaa mabuti yake."

Hapo nikayaona akilini yale mabuti, na nikauona utepe wa zambarau pale kwenye cherehani ambao ungezunguka vizuri kabisa juu ya kifundo cha mguu. Wazo nikalimeza.

"Sawa, mayu," nikamwambia.